Kuunganisha Sharika Mbili Kuanzie Kwenye Sufuria

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Singida aliniandikia akiuliza tulifanyaje, sisi Wagogo na ndugu zetu Wazungu na Wahindi waliokuwa wakisali kwa Kiingereza, hadi tukawa usharika mmoja hapa Dodoma. Namjibu kwa furaha, ingawa jibu lenyewe lina uchungu.

Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, watu walifurika, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Hakuna usharika uliomudu peke yake kuwahudumia wageni wasio na ndugu na wauguzaji waliotoka vijijini na wagonjwa wao, ndipo tukaamua kuungana. Vikao vya katiba sitavisimulia. Vilikuwa vingi na havikumbadilisha mtu.

Kosa langu, nikiwa mzee wa kanisa, lilikuwa kuamini kwamba tukishaimba pamoja tumeungana. Katika ibada ya kwanza muheme, ngoma yetu ya Kigogo, ulipigwa, watu wakatokwa na machozi. Lakini tulipotoka nje, wao walisimama kwenye magari yao, sisi chini ya mti wetu. Mwezi uliofuata, katika kamati ya fedha, mmoja wao alipendekeza kwamba wao watoe fedha nasi tutoe nguvu. Hakukusudia ubaya. Hata hivyo mimi, niliyetunza hazina kwa miaka 14, niliweka funguo mezani nikaondoka, na maneno yale bado yananichoma. Nasi hatukuwa safi, kwani wengi wetu tulikuwa tumeacha kutoa zaka kwa kuwa Mzungu yupo.

Kilichotuponya ni uji wa wauguzaji, tunaoupika kila Jumamosi. Mama mmoja wa Kizungu alishika mwiko, uji ukaanza kufanya madonge, na bibi mmoja wa Kigogo, bila kusema neno, akaweka mkono wake juu ya wa mwenzake, wakakoroga pamoja hadi ukalainika. Jumapili yake walikaa benchi moja.

Kwa hiyo, ndugu yangu, pikeni pamoja kabla ya kuandika katiba. Pikeni pamoja, na mfuko uwe mmoja. Waefeso 2:14 inasema Kristo alikibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga, na aliyelelewa kwenye tembe, nyumba yetu ya asili, anajua kiambaza ni fito na udongo: anayekibomoa hawezi kubaki msafi. Acheni kuogopa kuchafuka!

Stoo yetu sasa ina kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao ndugu yule wa kamati ya fedha, na kila Jumamosi alfajiri anayetangulia humngoja mwenzake mlangoni.