Walifungwa nusu ya mechi, wakabeba kombe

SWALI: Shikamoo mzee. Hapa mwaloni Kirumba tumebishana hadi mvua ikatunyeshea dagaa. Jamaa mmoja anasema ligi mpya ya soka ya Marekani ilipoanza, bingwa alikuwa amefungwa nusu ya mechi zake. Anasema pia hapakuwa na sare. Anatudanganya?
Mchuuzi wa dagaa, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mnunulieni jamaa chai, na chapati juu. Ni D.C. United, 1996, msimu wa kwanza wa ligi hiyo, MLS, timu 10. Walifungua ligi kwa kulala 1-0 kwa San Jose Clash. Hadi mwisho: mechi 32, kushinda 16, kufungwa 16. Ila ubingwa uliamuliwa kwa mtoano, si kwa msimamo.

Sare kweli haikuwapo. Enzi hizo dakika zilipoisha ngoma droo, mchezaji alianzia na mpira yadi 35 kutoka golini, sekunde 5 tu za kufunga, kipa akimtokea. Ukishinda hivyo ulipata pointi 1, si 3. Mie naona ni mchezo wa watoto wa mtaani, lakini ningelipa kiingilio kuutazama!

Fainali, Oktoba 20, Foxborough, mvua kama ile iliyoloanisha dagaa zenu. LA Galaxy wanaongoza 2-0. Dakika ya 73 Tony Sanneh anarudisha moja, ya 82 Shawn Medved anasawazisha. Muda wa nyongeza, kona ya Marco Etcheverry wa Bolivia, Eddie Pope kichwa: 3-2. Enzi hizo bao la nyongeza lilimaliza mechi palepale.