Anayepika uji hayumo kwenye kiasi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na ile makala uliyonitumia nimeisoma yote, miwani puani. Unauliza: uache kazi huko Tabora urudi Kigoma tusaidiane kumuuguza bibi yako? Kwenye simu unanikatisha kila nikifungua mdomo, basi naandika, na barua nampa binti wa jirani anayepanda treni Ijumaa.

Nianze na makala. Wanasema Marekani mwaka 2000, katika kila watu wazima 100, 67 walikuwa wanafanya kazi au wanaitafuta, na sasa ni 62 hivi. Wapo wanaodai watu wamekuwa wavivu. Mwalimu wa hisabati kama mimi hakubali haraka hivyo. Wale waliozaliwa kwa wingi baada ya vita, kuanzia 1946, walianza kufikisha miaka 62 mwaka 2008, umri ambao kule mtu anaruhusiwa kuanza kuchukua pensheni ya serikali. Wanaostaafu wanaondoka kwenye kiasi, ile namba ya juu ya sehemu, lakini kwenye asili pale chini wamebaki, maana bado ni watu wazima na wako hai. Sehemu inapungua bila mtu yeyote kuwa mvivu. Ndiyo maana wajuzi huwatazama pia wa miaka 25 hadi 54 peke yao, na hao hawajashuka namna hiyo. Sehemu nilikufundisha kwenye meza ya kulia chakula, usiniambie umesahau.

Sasa, aliyeacha kazi ili amlee mzee wake naye anahesabiwa hivyo hivyo. Hana ajira, hatafuti, basi hayumo. Anayepika uji yumo kwenye asili, kwenye kiasi hayumo. Nimewaambia kaka zako, nimemwambia shangazi yako, na nitasema tena.

Ule mwaka niliostaafu ninyi mnaukumbuka kwa pilau na lile godoro nililozawadiwa. Mimi nakumbuka darasa la saba. Barua ilisema nimefikisha 60, kwa mujibu wa sheria. Sawa, na kwenye pesa sina ugomvi: nilitoka kabla ya vuta nikuvute ya 2018 ya kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao, nikapata mkupuo wangu, ukajenga ukuta huu. Lakini tulikuwa katikati ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Niliacha ubaoni 2/3 + 1/4, nikawaambia watafute asili ya pamoja, nikaitwa kwenye sherehe. Hotuba, kitenge, picha. Jumatatu yake nikipita nje kuelekea soko la Mwanga, dirisha li wazi, hesabu yangu iko ubaoni vile vile, watoto wanarushiana viatu. Wa kuziba pengo langu hakuja muhula mzima. Ningeweza kuingia. Chaki naiona pale! Nikaona watasema mama huyu hajui kuondoka, nikaenda zangu kununua dagaa.

Kilichoniuma zaidi, hata hivyo, hakikutoka shuleni. Kilitoka kwenu. "Si sasa mama yupo nyumbani tu." Kaka yako mkubwa akaleta wanawe, shangazi yako akaleta mgonjwa wake, bibi akahamishwa kutoka Ujiji na masanduku yake yote. Hakuna aliyeuliza. Nikawa naamka mapema kuliko nilipokuwa na kipindi cha kwanza. Anayepika uji hayumo kwenye kiasi, mwanangu.

Bibi mwenyewe ndiye kichekesho. Hajastaafu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwajiri. Babu yako alipokwenda manamba Tanga, kwenye mkonge, shamba la michikichi lilibaki mikononi mwake, na hakuliachia hata babu aliporudi. Leo nyonga imekataa, lakini asubuhi anadai akalishwe mkekani uani na jiwe lake. Anaishika mbegu ya chikichi kwa vidole viwili, anaigonga ubavuni mara moja, ganda linapasuka, kiini kinatoka kizima. Mimi nikigonga kinasagika, naye ananicheka. Kibakuli kikijaa anamtuma mtoto wa jirani akaviuze kwa wanaokamua mafuta ya mise, na chenji anaihesabu mwenyewe. Kwa watu wa takwimu, bibi ana kazi. Mimi ninayemwogesha na kumgeuza usiku, sina.

Unasema nchi yetu ni ya vijana, habari za uzee ni za Japani. Kweli, sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 61, na waliofikisha 60 hawafiki saba katika kila mia. Kule Japani waliofikisha 65 ni kama 29 katika mia. Lakini mimi siishi na taifa zima. Humu ndani siku hizi tumebaki wawili na sote ni wazee, asilimia mia moja. Na hao Wajapani, pamoja na sheria inayompa mfanyakazi likizo ya siku 93 kumhudumia mzazi, bado watu wapatao laki moja kwa mwaka wanaacha kazi kwa ajili hiyo, wengi wao wanawake. Kaka zako wako Dar na Kasulu. Mbona hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama aache kazi?

Haya, usije ukadhani nakukatalia. Magoti yangu unayajua. Yule dada wa kazi wa Buhigwe ameolewa, simlaumu. Ukija, nitalala usingizi, na nautaka huo usingizi. Halafu nakumbuka kwamba mfuko unataka michango ya miezi 180 ndipo upate pensheni ya kila mwezi. Yako imefika mingapi? Ukikatia hapo, ukizeeka nani atakugeuza, na kwa hela ya nani? Lakini bibi hakuchangia mfuko wowote, na anatunzwa. Ndiyo, anatunzwa na mwenye pensheni. Sasa huyo mwenye pensheni akianguka yeye? Unaona ninavyozunguka.

Umeuliza ofisini habari ya likizo bila malipo? Umewaambia kaka zako wachange mshahara wa dada wa kazi, mshahara wa kueleweka, si ile elfu thelathini ya aibu? Jibu langu ninalo, limenikaa kooni hapa. Nikilitoa utalitii, kisha utanilaumu, kama unavyonilaumu mpaka leo kwa ule mchepuo wa sayansi. Basi nalimeza, kwa shida.

Likizo yako ya mwaka bado hujaichukua. Njoo ulale chumba cha bibi, si cha wageni, uamke naye saa nane usiku, ndipo uniulize tena. Na ulete asali ya Sikonge. Bibi anasema ile ya mwaka jana ilichanganywa sukari, na ameapa kwamba muuzaji anamjua kwa sura.

Mama yako