Kwa mnaoanza kazi ofisi za mipango Geita: kabla hujaandika wasifu wa halmashauri

Wadogo zangu mnaoripoti mkoa wa Geita, karibuni sana. Kazi ya mwanzo mwanzo utakayotupiwa mezani ni wasifu wa halmashauri: watu wangapi, shule, uchumi, ajira. Wengi wanachukua wa mwaka jana wanabadilisha tarehe, basi. Jamani msifanye hivyo, huu mkoa haumsubiri mtu.

Angalia sensa tu. 2012 Geita ilihesabiwa watu 1,739,530, ikaja 2022 wakawa 2,977,608. Hiyo ni kama asilimia 5.4 kwa mwaka wakati nchi nzima ni 3.2, na ukienda hivyo watu wanakuwa mara mbili ndani ya miaka 13 hivi. Sasa mtu anapiga makadirio ya madarasa kwa kasi ya taifa kwa sababu ndiyo aliyofundishwa chuo, mpango unapitishwa na baraza na kila kitu, ukifika mwaka wa tatu watoto wanakaa chini na lawama anabebeshwa mwalimu mkuu.

Na ndani ya mkoa penyewe watu hawaongezeki sawa. Mgodi mkubwa upo tangu 2000 lakini wanaosogeza watu huku na kule ni wachimbaji wadogo. Dhahabu ikisikika sehemu, wiki chache tu pori limeshakuwa na vibanda, mama lishe, bodaboda, mafundi simu, makarasha yanasaga mawe usiku kucha, na ikikata wanafunga virago wanaifuata kwingine. Kwa hiyo ukifika kijijini mwombe mtendaji daftari la wakazi, halafu nenda shule kaone rejista ya darasa la kwanza, pita na zahanati kwenye daftari la chanjo. Hayo matatu hayatakubaliana, na usije ukachukua wastani ukaondoka! Pekua rejista ukurasa kwa ukurasa, utaona majina yameongezwa chini kwa kalamu nyingine katikati ya mwaka, mengine yamekatwa, uliza hao wametoka wapi na hao wamekwenda wapi. Mwalimu wa darasa anajua, na hapo ndipo unapopata picha yenyewe.

Pato la mkoa nalo soma kwa makini. Dhahabu inahesabiwa pale inapochimbwa, ila hela yake kubwa hailali hapo, kwa hiyo ukigawa pato kwa idadi ya watu unapata mwananchi tajiri ambaye hutamkuta Nyang'hwale wala Mbogwe analima mpunga.

Kwenye ajira ndiyo pagumu zaidi. Kwa vipimo vya kimataifa mtu aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja ndani ya wiki anahesabika ana ajira. Kijana aliyebeba viroba viwili vya mawe Jumatatu akakaa mpaka Jumapili, huyo kwenye jedwali yuko kazini. Kwahiyo usifurahie asilimia ndogo ya wasio na ajira, uliza masaa na uliza kipato. Na kule mialoni wanakoshusha samaki ziwani, mfano Nkome, dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali watu wanapumzika wanashona nyavu. Ukienda na dodoso lako wiki hiyo ukauliza "wiki iliyopita ulifanya kazi?" utaandika mwalo mzima hauna kazi, na wao hawajakudanganya. Ndiyo maana mimi nasisitiza kila namba iandikwe tarehe na msimu pembeni yake.

Kitu kingine ambacho naona hakizungumzwi vya kutosha ni wale watoto wa elimu bila ada. Walioingia darasa la kwanza 2016, ada ilipofutwa, wamemaliza la saba 2022, wakaingia kidato cha kwanza 2023, kidato cha nne ni 2026. Kundi kubwa, wanatoka pamoja, na wengi hawataendelea kidato cha tano. Kwenye wasifu wako waweke peke yao, wangapi wako shuleni sasa hivi, nafasi za ufundi kwenye wilaya yako ni ngapi, na ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotakiwa kukopeshwa vikundi vya vijana inatosha wangapi. Hesabu hiyo piga mwenyewe kwa mkono kabla ya kikao cha bajeti, mkuu wa idara akikuuliza uwe nayo.