Kabla Hujaongeza Kipindi Kipya Kanisani, Wape Waumini Kazi

Viongozi wa makanisa huniuliza mara kwa mara tufanye nini ili ibada ichangamke na huduma isonge mbele. Wengi huja na jibu tayari: wanataka vyombo vipya vya muziki, spika zenye nguvu zaidi, semina, mkesha wa kila mwezi. Sina ugomvi na hayo. Lakini katika miaka yangu ya uchungaji nimeona makanisa yakivipata vyote hivyo, na bado wagonjwa hawatembelewi, na bado watu wakifika mlangoni hawakumbuki somo la siku hiyo lilitoka kitabu gani. Kwa hiyo huwarudishia swali: Jumapili iliyopita, ukimwondoa mhubiri na kwaya, nani alifanya nini?

Mara nyingi hakuna. Watu walikaa, wakasimama walipoambiwa, wakatoa sadaka, wakaondoka.

Tazama Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linakua, na manung'uniko yakazuka: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuubeba mgao ule wenyewe, wala hawakuwakemea walionung'unika. Waliwaambia waumini wachague watu saba. Sasa yasome majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Ninavyoelewa mimi, kazi ilikabidhiwa kwa watu wa upande uliokuwa unaumia, wanaowajua wale wajane na kusema lugha yao. Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likazidi kuenea.

Nimelifuata jambo hili na limezaa matunda. Palikuwa na mama aliyekuwa akilalamika kila tulipokutana kwamba kanisa haliwajali wagonjwa. Badala ya kujitetea, nilimpa daftari, nikamwomba atafute wenzake wawili, na kila Jumamosi jioni aniambie nani anaumwa na nani ameshafikiwa. Hakuna aliyewahi kuifanya kazi ile vizuri kama yeye. Alijua nyumba ipi ina mgonjwa kabla habari haijafika kwa wazee. Ukisikia mtu analalamikia jambo moja kwa muda mrefu, msikilize kwa makini, maana huenda Mungu ameshamwekea mzigo wa huduma hiyo moyoni.

Sasa nije kwenye ibada yenyewe, na nianze na jambo ambalo makanisa mengi hulipuuza: usomaji wa Maandiko. Paulo alimwagiza Timotheo afanye bidii katika kusoma, na katika Nehemia sura ya 8 tunamwona Ezra amesimama juu ya mimbari ya mti, torati ikisomwa tangu asubuhi hadi adhuhuri, na Walawi wakiwasaidia watu kuelewa. Kwetu msomaji huitwa akiwa ameshakaa kwenye benchi, anafungua Biblia akiwa njiani kwenda mbele, anasoma mbiombio, anarudi kukaa. Kisha mhubiri anatumia nusu saa kueleza habari ambayo kusanyiko halijaisikia sawasawa.

Weka zamu ya wasomaji na uwaandae. Mimi hukutana na msomaji katikati ya wiki, kanisani, watu wakiwa hawapo. Yeye anasimama mimbarini, mimi nakaa benchi la mwisho kabisa. Sauti isiponifikia, tunaanza upya. Kijana mmoja alikuwa na Marko 5, habari za Yairo. Akaisoma haraka, kama anayesoma tangazo. Nikamuuliza, "Hapa anayesema ni nani?" Akarudia mistari kimya kimya, akajibu, "Ni baba, na mtoto wake anakufa." Nikamwambia asome tena. Alipofika kwenye "binti yangu mdogo" alitua, akavuta pumzi, ndipo akaendelea. Jumapili ile akina mama waliokuwa na watoto mapajani walikuwa wakimtazama yeye, na mahubiri yalikuta mioyo imeshafunguka. Usomaji wa namna hiyo hauna gharama isipokuwa muda wako.

Kuhusu nyimbo nitasema machache. Paulo anawaambia Wakolosai wafundishane na kuonyana kwa zaburi, nyimbo na tenzi za rohoni. Anaowaambia ni kanisa zima. Kwaya ina nafasi yake, lakini haiwezi kuimba kwa niaba ya kila mtu. Spika zikiizima sauti ya kusanyiko, zipunguzwe. Wimbo mpya ufundishwe kabla ya ibada kuanza, urudiwe Jumapili kadhaa mfululizo, na uanzishwe kwa sauti ambayo hata mzee anaweza kuifikia. Matangazo yawe mafupi, tena yaandikwe.

Maombezi yanahitaji uangalifu zaidi. Waachie waumini nafasi hiyo: leo aongoze mzee, wiki ijayo mama, baadaye kijana. Ila kamwe usilitaje jina la mgonjwa wala ugonjwa wake mbele ya watu bila ruhusa yake. Nimeona familia ikihama kanisa kwa sababu ya sala iliyosema mengi mno.

Justino Mfiadini, aliyeandika huko Roma mnamo mwaka 155, ametuachia maelezo ya Jumapili ya Wakristo wa wakati wake. Walikusanyika, maandiko ya mitume na ya manabii yakasomwa kadiri muda ulivyoruhusu, kiongozi akawaonya, wote wakasimama kuomba, kisha mkate na kikombe. Mashemasi waliwapelekea sehemu wale ambao hawakuweza kufika. Sadaka iliwekwa kwa kiongozi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Hupendi kuona jinsi ibada na huduma zilivyoshikana hapo? Kilichotoka mezani kilifika kwa aliye kitandani. Mimi nimeona baraka kubwa katika kuwataja watakaokwenda kuwaona wasiofika, tukawaombea kabla ya baraka ya mwisho. Kanisa zima linajua kwamba ibada ile haijaishia mlangoni.

Ili jambo hili lidumu, kila mzee au shemasi awe na nyumba chache anazozijua. Historia ya Wamethodisti ina somo zuri hapa. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, watu wa John Wesley, mhubiri aliyewaanzisha, walikuwa na deni la jengo. Ikapendekezwa kila mmoja atoe peni moja kwa wiki, na viongozi wapite kukusanya, kila kiongozi akiwa na watu wapatao kumi na mmoja. Walipokuwa wakibisha hodi kila wiki, wakaanza kugundua jinsi watu wanavyoishi: nani ana shida, nani ameanguka, nani amevunjika moyo. Kazi ya kukusanya fedha ikageuka kuwa malezi ya roho, na vikundi vile vikawa uti wa mgongo wa huduma yao. Anayebisha hodi kila wiki huona ambayo mchungaji wa mimbarini hawezi kuyaona.

Mchungaji mwenzangu, najua hofu iliyopo. Utampa mtu kazi, ataivuruga. Ni kweli, wengine watavuruga. Usimnyang'anye mara ya kwanza. Kaa naye, mwonyeshe, mwache arudie. Wapange wawili wawili ili mmoja akisafiri kazi isisimame, na zamu iwe na mwisho unaojulikana, kwa maana mtu asiyeona mwisho huchoka akaacha bila kuaga. Kwenye fedha usilegeze: wanaohesabu sadaka wasiwe chini ya wawili, wasiwe wa nyumba moja, waandike na kutia sahihi pale pale kabla hawajatoka chumbani.

Na wewe ubaki na nini? Yethro alipomkuta Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hata jioni, alimshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, naye abaki na mafundisho na mashauri magumu. Alimwambia wazi kwamba akiendelea vile atachoka yeye na watu wake pia. Mitume nao walibaki na maombi na Neno. Hiyo ni kazi ya kukutosha.

Ukiwa tayari kuanza, anzia kwenye kikao cha wazee. Mara nyingi ajenda ya kwanza huwa paa, uzio au kiwanja, na watu wakishachoka ndipo anatajwa mjane fulani kwenye mengineyo. Pindua utaratibu huo. Kila mzee ataje kwanza watu wake: nani hakuonekana, nani alimfuata, amemkutaje. Ombeni kwa ajili yao kwa majina, gaweni ziara za wiki, kisha ndipo mfungue ajenda ya paa.