Muulize Anti wa Biashara: Petshop moja, lini iwe tatu?

Wiki hii barua za wenye petshop zimekuja nyingi na nimefurahi kweli, maana hii biashara inakua hapa Uganda na bado kuna watu wanadhani ni ya wazungu wa Kololo tu. Ukipita Najjera, Kira, Bweyogerere, karibu kila geti lina mbwa wa ulinzi na huyo mbwa anakula kila siku. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndio ina hela nyingi ndani.

Anti habari. Niko Ntinda, nauza chakula cha mbwa na paka, kola, minyororo, shampuu, dawa ya kupe. Duka linaenda vizuri. Nimepata mtu wa kunikopesha, nataka nifungue Entebbe na Jinja kwa mpigo kabla mwingine hajaingia. Mume wangu anasema nisubiri. Nani ako sawa?
*Mama Duka, Ntinda*

Mama Duka, hapo niko na mume wako, na nitakueleza kwa nini.

Anza na faida yako inatoka wapi. Mfuko wa kilo 20 ndio unamleta kastoma mlangoni lakini wenyewe unakuachia kidogo sana. Tuseme unaununua 150,000 unauza 170,000, hiyo 20,000 bado haijalipa kodi ya nyumba, mshahara, umeme, na mfuko umekula nafasi kubwa. Kola uliyonunua 12,000 ukauza 25,000 inakupa 13,000 na imening'inia kwenye msumari. Sasa ukifungua mawili siku moja itabidi ujaze maduka matatu na mifuko, mwenye nyumba wa Entebbe anataka miezi kadhaa mbele, wa Jinja pia hivyo hivyo, yaani mkopo wote unaisha kwenye kodi na stoku ya faida ndogo kabla hujauza hata kola moja, na wakati huo riba inahesabu.

Hata wakubwa liliwapata. PetSmart ya Marekani ilianzishwa 1986, maduka ya kwanza yakafunguliwa 1987 huko Arizona, na jina lake wakati huo lilikuwa PetFood Warehouse, stoo kubwa tu, mifuko juu ya mifuko na bei ya chini. Miaka ya 1990 wakakimbia sana, wakanunua maduka ya wenzao, 1996 wakaingia mpaka Uingereza kwa kununua maduka ya huko, na 1999 wakayauza yote kwa Pets at Home, kampuni ya hukohuko iliyoanza na duka moja Chester mwaka 1991. Kilichowasimamisha PetSmart kwao ni kubadilisha ile stoo: wakaleta kuosha na kunyoa mbwa, mafunzo, hoteli ya wanyama mwenyewe akisafiri, daktari ndani ya duka. Chakula mtu atachukua supamaketi akinunua mkate, lakini mbwa wa kuoshwa lazima amlete kwako, na akishafika anaona shampuu, anaona kola mpya, anaondoka navyo. Leo wana maduka zaidi ya 1,600.

Kwa hiyo hela ya kwanza ya mkopo, ile ndogo unayoweza kuilipa bila kukosa usingizi, iweke hapo Ntinda. Beseni kubwa, maji ya moto, kijana aliyefundishwa vizuri kushika mbwa bila kumtesa.

La pili, na hili nakuomba sana ulifanye hata kabla ya beseni, fungua daftari la kastoma. Andika jina, namba ya simu, ana mbwa wangapi, wakubwa kiasi gani, alichukua mfuko gani na tarehe. Mbwa wa kilo 30 anakula kama gramu 400 za chakula kikavu kwa siku, mfuko wa kilo 20 unamtosha siku kama 50, akiwa na mbwa wawili haufiki hata mwezi. Unajua chakula kitaisha lini kabla yeye mwenyewe hajajua! Mpigie siku tatu kabla, mwambie mfuko wako uko tayari atume mobile money. Chewy wa Marekani, wanaouza onlaini, zaidi ya asilimia 70 ya mauzo yao inatoka kwa watu waliojiandikisha kuletewa chakula kila baada ya muda. Wewe huhitaji programu ya kompyuta ya bei ghali, unahitaji daftari na mtu anayelifuata kila asubuhi, na ukiwa nalo utaagiza stoku kwa kujua watu wako wanataka nini, sio kwa kubahatisha.

Ndio tuje kwenye duka la pili. Mwachie mtu Ntinda mwezi mzima, wewe usikae kaunta. Kila wiki hesabu shelfu moja bila kumwambia ni ipi, linganisha na risiti. Stoku ikitimia na kastoma wakaendelea kuja, basi duka linaweza kukaa bila wewe na unaweza kwenda Entebbe. Nasema Entebbe kwanza maana stoo moja ya Kampala inalisha maduka yote mawili na gari moja, kitu kikiisha huku unakileta kesho yake. Jinja ni mbali kidogo kwa mtindo huo. Kwa Jinja mtafute mtu wa kulekule mwenye mtaji wake, atumie jina lako na saplaya wako na bei zenu ziwe moja. Fressnapf ya Ujerumani, iliyoanza 1990 mji wa Erkelenz, imesambaa hivyo, wenye maduka wengi ni wafanyabiashara wa mahali pale kwa mkataba wa frenchaizi. Mkataba uandikwe na wakili tafadhali, hata kama ni shemeji yako.

Anti, kodi ya duka inanimaliza. Nataka nifunge niuze kwa WhatsApp tu, na delivari niweke bure ili nivute watu. Unaonaje?
*Kijana wa Kira*

Kufunga duka sawa, delivari ya bure hapana. Pets.com, duka la onlaini la vitu vya wanyama huko Marekani, iliingia soko la hisa Februari 2000 na Novemba mwaka huohuo ikafunga, tangazo lake kila mtu alilijua, ila walikuwa wanauza vitu chini ya gharama na kusafirisha mifuko mizito ya chakula mbali. Kila oda iliwatia hasara na oda zikawa nyingi. Wewe boda wako akichukua 10,000 kupeleka mfuko unaokupa 20,000, nusu ya faida imeshapanda boda. Panga siku: Jumanne Kira na Najjera, Ijumaa Muyenga na Bugolobi, anayetaka leoleo alipe boda mwenyewe. Watu wakielezwa vizuri wanakubali.

Naomba kuuliza, hapa Mbale watu hawawezi mfuko mzima, naweza kufungua nikawapimia kwa kilo?
*Msomaji, Mbale*

Unaweza, na utauza kuliko mwenye mifuko mizima. Ila mfuko ukishafunguliwa unaingia unyevu na panya. Tumia pipa safi lenye kifuniko, usimwage mpya juu ya zamani, na ile karatasi yenye namba ya bachi na tarehe ya ekspaya ibandike kwenye pipa. Mwaka 2007 chakula cha mbwa na paka chenye melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, kilirudishwa kutoka madukani Marekani na Kanada baada ya wanyama kufa kwa figo, na namba ndio zilisaidia kujua mfuko upi ni mbaya.

Na kama unachanganya mwenyewe unga wa mahindi na mukene (dagaa), mahindi yawe makavu kabisa, yenye ukungu yanaleta sumu ya aflatoksini na ini la mbwa haliivumilii. Paka usimpimie chakula cha mbwa hata mwenye paka akiomba kwa sababu ya bei. Paka anahitaji taurini, kirutubisho kinachotoka kwenye nyama na samaki, na mwili wake hauitengenezi ya kutosha, akiikosa muda mrefu anaharibika macho na moyo. Mwambie kastoma ukweli hata kama atanunua kidogo.

Anti, niuze watoto wa mbwa dukani na niwachome sindano ya kichaa cha mbwa mwenyewe? Friji ninayo.
*Mbarara*

Sindano hapana, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Chanjo inataka nyuzi 2 mpaka 8 usiku na mchana, umeme ukikatika kwenye friji ya soda imeharibika na mtoto wa mtu ataumwa na mbwa mnaedhani amechanjwa. Dawa za wanyama zote ziko chini ya NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, kwa hiyo hata dawa ya kupe (Mama Duka nawe usikie) ulizia leseni ofisi yao ya mkoa kabla hujaiweka shelfu. Kubaliana na veti aje dukani Jumamosi moja kila mwezi, achanje, aandike kadi, wewe unauza chakula.

Watoto wa mbwa usiweke. Duka linajaa vinyesi, mmoja akiingia na parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha unaoambukiza haraka, wanaweza kufa wote na hao kastoma wanaokuja na mbwa wao wanaipeleka nyumbani. PetSmart hawauzi mbwa wala paka, wanatoa nafasi kwa mashirika ya wanyama waliookolewa watu waje wachukue. Wewe bandika ubao, wenye watoto wa mbwa waandike namba zao hapo.