Saa ya nani? Ushauri kwa wanaopanga miadi na watu wa mbali

Nafundisha Kiswahili kwa wageni kwa njia ya intaneti, nikiwa nyumbani Mji Mkongwe, na wanafunzi wangu wametawanyika Berlin, London, Toronto, Boston na Tokyo. Vijana wanaoanza kazi za namna hii, wengine wakiwa mapokezi kwenye hoteli za Nungwi na Paje, wengine wakitafsiri, huniuliza sana: mwalimu, programu gani nzuri ya kubadilishia saa? Nawajibu yoyote ile, hata iliyokuja na simu yako. Kujumlisha na kutoa hakujawahi kumshinda mtu. Kinachowaponza ni kukubaliana saa bila ya kukubaliana ni saa ya nani.

Tuanze na sisi wenyewe. Zanzibar, kama Tanzania nzima, iko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich, Januari hadi Disemba. Hatusogezi mishale. Tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta na jua letu halina vituko. Magharibi ya mapema kabisa na ile ya kuchelewa kabisa kwa mwaka mzima zimepishana kwa kama nusu saa hivi. Ulaya mambo ni mengine. Ujerumani ilianza kusogeza saa, yaani kuipeleka mbele kwa saa moja majira ya joto na kuirudisha baridi, mwaka 1916, wakati wa vita, Uingereza ikafuata wiki chache baadaye, na mpaka leo wanasogeza. Sisi ni kama gati la Malindi: maji yanajaa na kupwa, gati liko pale pale.

Lakini kusimama pale pale hakukuokoi, na hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Mwanafunzi wangu wa Berlin alichagua saa 11 jioni yake, akitoka kazini. Wakati wao wa baridi hiyo ni saa 1 usiku kwangu: magharibi nimeshaswali, kikombe cha chai kiko pembeni, naanza. Ikifika Jumapili ya mwisho ya Machi, Ulaya inasogeza saa mbele. Yeye bado anafungua kompyuta saa 11 jioni ile ile, ila kwangu sasa ni saa 12 jioni, na adhana ya magharibi inaingia katikati ya somo. Kwake hakuna kilichobadilika, wala hana habari kwamba kuna kilichobadilika. Aliyehamishwa ni mimi, niliyekuwa sijagusa saa yangu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "saa ngapi?", amueni miadi imefungwa kwenye saa ya mji gani. Kama ni ya mara moja tu, haina uzito. Ya kila wiki ndiyo yenye kazi. Wa Berlin nimemfunga kwenye saa ya Unguja, kwa sababu magharibi yangu haihamishiki, naye ana nafasi ya kuja saa moja mapema au kuchelewa. Wa Toronto, ambaye anasoma kwenye mapumziko ya chakula cha mchana, nimefunga kwenye saa yake. Saa 6 mchana ya Toronto ni saa 2 usiku kwangu wakati wa baridi yao na saa 1 usiku wakati wa joto. Ile saa 1 inakaribia isha, lakini somo lenyewe ni la nusu saa, tunamaliza. Anayebanwa zaidi ndiye mwenye saa. Hili lisemwe mapema, siku ya mwanzo kabisa, na liandikwe.

Kalenda ya simu inalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Ukitengeneza mwaliko wa kila wiki, mwaliko ule unashikilia mji wa aliyeutengeneza, na saa zikisogezwa, unamfuata yeye. Ndiyo maana nataka kujua nani ametuma mwaliko. Akiutuma wa Berlin, Machi utahama kwangu. Nikiutuma mimi, utahama kwake, na simu yake itamwambia. Kwenye orodha ya miji usitafute Zanzibar, mara nyingi haimo. Chagua Nairobi au Dar es Salaam, saa ni ile ile. Na kabla ya yote, hakikisha simu yenyewe inachukua saa ya mtandao. Nimekutana na simu za watu zilizowekwa saa kwa mkono, dakika kumi mbele "ili nisichelewe", halafu mwenyewe anashangaa kwa nini kila mwaliko unamjia na mushkeli.

Ugumu wa kweli ni kwamba wanaosogeza saa hawasogezi siku moja. Marekani na sehemu kubwa ya Kanada wanasogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2025 Marekani walisogeza tarehe 9 Machi, Ulaya tarehe 30 Machi, na sisi huku tulikuwa kwenye mfungo. Niliwahi kuwa na darasa la pamoja la London na Toronto, miji ambayo kwa kawaida imepishana saa tano. Wiki zile tatu ilipishana saa nne. Darasa lilikuwa saa 2 usiku Unguja: London saa 11 jioni, Toronto saa 6 mchana, halafu London ile ile saa 11 lakini Toronto saa 7, halafu mwezi ulipoisha London saa 12 na Toronto saa 7. Kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyehama. Siku hizi, ikikaribia Machi, nawatumia wote ujumbe mmoja wenye tarehe na saa ya kila mji kwa kila wiki mpaka Aprili ianze, na mwisho wa Oktoba nafanya vivyo hivyo kwa lile pengo la wiki moja. Ni kazi ya dakika chache.

Sydney wako kinyume kwa sababu joto lao ni Disemba: wanasogeza mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Aprili. Brisbane, nchi ile ile, hawasogezi. Arizona huko Marekani nayo karibu yote haisogezi. Misri walirudia desturi hii mwaka 2023, kwa hiyo kiangazi Cairo na Unguja saa ni ile ile, baridi wanabaki nyuma. Uchina, pamoja na ukubwa wote ule, ina saa moja tu nchi nzima. India wametutangulia kwa saa mbili na nusu, Nepal kwa saa mbili na dakika 45. Usikariri haya. Jua tu kwamba jina la nchi halitoshi, uliza mji.

Sasa la kwetu sisi hasa, na hili sijaliona kwenye ushauri wa mtu yeyote wa mbali. Sisi tunapanga mambo kwa swala. "Tuonane baada ya alasiri", "nitakupigia baada ya isha", na kwa sababu nyakati zetu hazisogei sana, kila mtu anafika. Lakini familia zetu zimetapakaa Muscat, Dubai, London, Toronto, na siku hizi nikahi na khitma zinafuatiliwa kwa simu. Likiandikwa kwenye kundi la ukoo "khitma ya bibi ni Ijumaa baada ya magharibi", ami aliye London ataelewa nini? Magharibi ya London katikati ya Disemba inaingia kabla ya saa 10 alasiri. Mwishoni mwa Juni inapita saa 3 usiku. Hata Muscat, ambako ni saa moja tu mbele yetu, magharibi yao si yetu. Andika baada ya magharibi kwa ajili ya wa nyumbani, kisha ongeza: saa 1 kamili usiku ya Unguja, Muscat saa 2 usiku, London saa 10 alasiri kama ni baridi. Khalati wa Muscat atakushukuru, maana yeye ndiye huwa amekaa na simu mkononi saa nzima akisubiri.

Nina mbinu moja ya kichwani ninayoipenda, na inamfaa anayesema saa ya Kiswahili peke yake. Tokyo iko saa sita mbele yetu mwaka mzima, na saa tunayoitamka sisi imeachana na namba za kwenye simu kwa saa sita hizo hizo. Kwa hiyo nikisema saa 3 asubuhi hapa, mwenzangu wa Tokyo akitazama ukutani anaona 3, ya mchana wake. Seoul pia. Upande wa pili, São Paulo na Buenos Aires wako saa sita nyuma: ikiwa saa 3 usiku kwetu, mshale wao uko kwenye 3, mchana. Huhitaji hesabu, ukitamka saa yako umeshatamka ya kwao. Kutoka hapo wengine wanafuata kirahisi. Beijing toa moja. Sydney ongeza moja, au mbili wakati wa joto lao. New York, Boston na Toronto toa mbili wakati wa baridi, moja wakati wa joto: saa 4 usiku ya hapa mwezi wa Julai, mshale wa Boston uko kwenye 3, mchana. Kwa London na Ulaya mbinu hii haina faida. Huko tazama namba za simu na utoe.

Uzuri huu wa saa yetu una upande wake wa pili pale mwanafunzi anapoanza kuijua. Wa Boston aliniandikia kwa fahari: "Mwalimu, tuonane kesho saa tisa." Ilikuwa Juni. Inaweza kuwa saa 9 alasiri ya Unguja. Inaweza kuwa saa 9 alasiri ya Boston, ambayo kwangu ni saa 4 usiku. Inaweza kuwa ametazama 9 ya asubuhi kwenye simu yake akaihamisha ilivyo, basi kwangu ni saa 10 alasiri. Nikikisia nitakesha bure. Nilimjibu, "Hongera kwa Kiswahili kizuri. Sasa niandikie namba nne za simu yako na jina la mji." Akaandika 15:00 Boston. Namba nne na jina la mji: siombi zaidi ya hapo kwa mtu yeyote, awe mgeni au Mswahili mwenzangu. Na mimi nikituma, naandika hivi: Jumanne tarehe 14, saa 2 usiku Unguja (20:00), Berlin 19:00.

Vifupisho vya herufi tatu vya kutajia saa ya eneo, kama CST, vikwepe. Baruapepe inayosema 10 asubuhi CST inaweza kuwa ya Chicago, ambapo kwetu ni saa 1 usiku, au ya Beijing, ambapo kwetu ni saa 11 alfajiri, maana herufi hizo zinatumiwa na wote wawili. IST ni India, Ireland na Israel. Na Wamarekani wengi huandika EST, saa ya upande wa New York, hata Julai, wakati EST ni ya baridi tu. Ukiifuata kama ilivyoandikwa utakosea kwa saa nzima. Jibu kwa upole: ni saa ya mji gani?

Wanaoomba ufadhili wa masomo nawaongezea moja. Tangazo likisema mwisho ni 23:59 ya New York, wewe bado una usiku mzima: ni asubuhi ya siku ya pili kwetu, saa 1 kasoro dakika moja kiangazi, saa 2 kasoro dakika moja baridi. Kuna matangazo mengine yanayotumia AoE, yaani saa ya mwisho kabisa duniani, saa 12 nyuma ya Greenwich. Hiyo kwetu ni saa 9 kasoro dakika moja, alasiri ya siku ya pili. Hiyo isiwe sababu ya kuchelewa, intaneti na umeme havina ahadi na mtu; lakini usikate tamaa saa 6 usiku ukadhani mlango umefungwa.

Halafu tarehe. Miadi ya usiku wa manane iandikwe usiku wa kuamkia siku gani, kwa sababu "Jumapili saa 7 usiku" watu wawili waliokaa baraza moja wanaweza kuipishana, sembuse aliye Los Angeles. Kule wapo wanaotaka kusoma Jumapili saa 8 mchana wao, kwa baridi, wakiwa wamepumzika. Kwangu hiyo ni saa 7 usiku wa kuamkia Jumatatu, na Jumatatu nina skuli asubuhi. Nawapa saa 3 asubuhi yao ya Jumapili, ambayo ni saa 2 usiku ya Jumapili yangu. Wengi wanakubali wakishaiona kwa namba. Wasiokubali nawaelekeza kwa mwenzangu wa Chake Chake, yeye hukesha.