Maswali ya Wasomaji: Hema la Vyombo vya Uvuvi na Upepo wa Kusi

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha wavuvi wa Kilindoni, kisiwani Mafia. Tunahitaji mahali pa kuhifadhia mashine mbili za boti, nyavu, majaketi ya kuokolea na masanduku ya barafu jirani na diko. Kwa kuwa tumeelezwa kwamba haturuhusiwi kujenga banda la kudumu karibu na maji, mwaka jana tulinunua hema la mabomba na turubai lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, tukalifunga kwa vigingi vilivyokuja nalo. Usiku mmoja wa mwezi Juni kusi ilivuma, hema likang'oka zima na kutupwa kwenye minazi, mabomba yakapinda. Aliyetuuzia anasema tununue lenye turubai zito zaidi. Je, ni hema la aina gani litakalohimili kusi, na tulifunge vipi mchangani?
*Katibu wa kikundi, Kilindoni*

JIBU: Ndugu Katibu, poleni kwa hasara hiyo. Turubai zito lina faida yake, nami nitalifikia, lakini halikuwa tatizo lenu. Kwa maelezo yako hema liliondoka likiwa na turubai lake juu, na kilichoshindwa ni vigingi. Kabla ya kuuliza ni hema gani linunuliwe inafaa kuuliza litashikwa na nini, na katika diko la mchanga swali hilo ndilo linalostahili sehemu kubwa ya fedha na jasho lenu.

Upepo hauliondoi hema kwa kulisukuma ubavuni peke yake. Unapopita juu ya paa hukimbia zaidi na kulivuta paa kwenda juu, na mlango ukiachwa wazi upande unakotoka upepo, hewa hujaa ndani kama inavyojaa tangani na kulisukuma paa hilohilo kutoka chini. Tena nguvu hiyo haipandi sawasawa na mwendo wa upepo: mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huutaja mara kwa mara katika tahadhari zake kwa pwani yetu, una shinikizo la takriban kilo 8 kwa kila mita ya mraba, na ukifika kilomita 80 shinikizo hilo huwa kilo 31. Hema lenu linafunika mita za mraba 18 za ardhi, kwa hiyo katika upepo wa kilomita 80 mnapaswa kutarajia mvuto wa kwenda juu wa zaidi ya nusu tani, ilhali hema lenyewe kwa kawaida halifiki hata kilo 150. Kilo 20 au 30 za turubai jipya hazibadilishi hesabu hiyo.

Kigingi kifupi cha nondo hufanya kazi katika udongo wa mfinyanzi, ambao hukibana pande zote, lakini mchanga mkavu haukibani. Mchanga hushika kwa uzito wake tu, na ili uzito huo uwe na kazi ni lazima chini yake kuwe na kitu kipana cha kuukalia. Njia ninayoipendekeza kwenu, na ambayo gharama yake ni ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya turubai lenu na lile mnaloshauriwa, ni kuzika viroba. Chukueni kiroba cha nailoni cha kilo 100, kijazeni mchanga, kishoneni mdomo, na kukizungushia kamba mara mbili kiunoni. Chimbeni shimo la kina cha mita 1, lenye urefu wa kukitosha kiroba kikiwa kimelala, na mkilaze ubavu wake mrefu ukikabili upande kamba inakovutia. Kamba itoke kwa mfereji mwembamba unaopanda mshazari kuelekea hemani, si kwa kupindia ukingo wa shimo, kwa sababu kamba iliyopinda itaukata mchanga na kulegea katika mvumo wa kwanza. Mkisharudisha mchanga na kuushindilia tabaka kwa tabaka, huku mkiumwagia maji, ule uliolala juu ya kiroba peke yake utakaribia nusu tani, na kiroba chenyewe hakitaharibika upesi kwa kuwa jua halikifikii. Gogo la mnazi lenye urefu wa mita 1 hufanya kazi ileile, ila huoza, na itabidi lichimbuliwe na kukaguliwa kila mwaka. Mikoko msiiguse.

Wapo mafundi watakaowaambia mmwage zege. Kwa uzito halina ubaya, maana bonge la sentimita 50 kila upande lina kilo 300, ingawa likizama katika maji ya chini ya ardhi hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito huo. Sababu yangu ya kusita ni nyingine. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na hema lililosimikwa kwenye zege linaanza kufanana na kile kilichokatazwa. Viroba huchimbuliwa kwa chepe kwa siku moja na ufuo ukabaki kama ulivyokuwa. Hata hivyo, pelekeni maelezo ya eneo na ukubwa wa hema kwa ofisi ya halmashauri kabla ya kusimamisha chochote.

Kwa ukubwa wa hema lenu wekeni nanga 8, yaani moja kwa kila pembe na mbili zaidi kila ubavu, kila moja iwe na uwezo wa kushika kilo 200 au zaidi. Jumla hiyo inaonekana kubwa kuliko mahitaji, lakini upepo haugawi mzigo kwa haki, na nanga za pembeni hubeba kuliko za katikati. Uwezo huo msiukisie, upimeni. Tafuteni mti imara wenye urefu wa mita 2 na sentimita 20, fungeni kamba ya nanga kwenye ncha moja, wekeni jiwe au kigogo chini ya mti sentimita 20 kutoka kwenye kamba, kisha mning'inize dumu la maji la lita 20 kwenye ncha ya pili. Kilo 20 za maji kwa mkono ulio mrefu mara kumi huivuta nanga kwa kilo 200. Liacheni dumu hapo robo saa. Kamba ikipanda na mchanga ukianza kupasuka juu ya shimo, nanga hiyo irudiwe kwa kina zaidi.

Kamba zifungwe kwenye mabomba, kamwe zisifungwe kwenye matundu ya turubai, kwa sababu matundu hayo yaliwekwa ili kulikaza turubai na si kulizuia hema lisiruke. Juu ya hayo, pitisheni kamba tatu au nne juu ya paa kutoka nanga ya ubavu mmoja hadi ya ubavu wa pili, na kila inapogusa turubai wekeni kipande cha mpira wa gari. Kamba ya katani hujikaza inapolowa na huoza baada ya muda, na ya nailoni hulegea inapolowa, basi ya poliesta ndiyo bora, au mikanda ya kukazia mizigo ya malori. Turubai linalopigapiga usiku kucha hujichana lenyewe kwenye mabomba, kwa hiyo mtu wa zamu akaze kamba kila jioni katika msimu wa kusi.

Sasa kuhusu hema lenyewe. Chagueni lenye paa la upinde, kwa kuwa upepo huliteleza na maji hayatuami juu yake. Maji ya kina cha sentimita 1 tu huongeza kilo 10 kwa kila mita ya mraba, na paa bapa likishaanza kubonyea hukusanya mengine. Mabomba yawe yamezamishwa katika zinki, si kupakwa rangi tu, na kila mahali fundi atakapokata au kutoboa pakwe rangi ya zinki siku hiyohiyo, maana chumvi huanzia hapo. Hakikisheni kuna mabomba ya mshazari pembeni, kwani kiunzi kisicho nayo hulala upande mmoja hata kama nanga zote zimeshika. Turubai la PVC la gramu 600 au zaidi kwa mita ya mraba hulistahimili jua kuliko lile jepesi la plastiki iliyofumwa, na hiyo ndiyo faida yake halisi. Ubavu mwembamba uelekee kusini-mashariki na mlango uwe kaskazini-magharibi, upande usioelekea kusi wala kaskazi. Petroli ihifadhiwe mahali pengine kabisa.

Yote haya ni kwa ajili ya kusi. Kimbunga ni jambo jingine, na Mafia mnalijua tangu Hidaya ilipofika tarehe 4 Mei 2024. Tahadhari ya kimbunga ikitolewa msiongeze kamba: ondoeni vyombo, vueni turubai, lazeni mabomba chini na kuyafunga kwenye nanga zilezile. Fanyeni zoezi la kulivua mara moja mchana wa shwari, mkihesabu dakika, ili mjue mnahitaji watu wangapi.

SWALI: Nina hema dogo kama hilo la kuhifadhia saruji na vifaa vya ujenzi, lakini uwanja wangu wote umesakafiwa kwa zege, siwezi kuchimba. Nimelifunga kwenye madumu ya maji ya lita 20. Yanatosha?
*Msomaji, Bagamoyo*

JIBU: Hayatoshi. Kila dumu ni kilo 20, na likivutwa huteleza sakafuni kabla hata ya kunyanyuka. Pipa la lita 200 likijaa maji lina kilo 200, na likijaa mchanga hupita kilo 300, kwa hiyo mapipa ya mchanga, moja kwa kila mguu, yakifungwa chini kabisa karibu na sakafu, yatakufaa. Kama sakafu ina unene wa sentimita 10 au zaidi na haina nyufa, bolti za kupanuka zilizotobolewa mbali na kingo zitakupa mshiko bora na nafasi zaidi. Saruji iwekwe juu ya chaga, isiguse turubai, kwa sababu unyevu hutiririka upande wa ndani alfajiri.